Mpiganaji Havushwi kwa Kifutio

Karatasi ya Kondo ina miaka minne na imefutwa hadi imetoboka. Pembeni ina duara la kikombe cha chai, na juu kuna upanga uliochorwa na mpwa wangu siku alipochoka kusubiri zamu yake. Kondo ni mpiganaji wa ngazi ya 5 katika Dungeons & Dragons, na mpwa wangu ndiye anayemchezesha. Jumamosi moja kijana alikuja mezani na kitabu kipya cha mchezaji, kile kilichotoka Septemba 2024. Akakaa na kifutio, akaanza kupitia mstari mmoja baada ya mwingine: hiki kimebadilika, hiki hakipo tena, hiki kimeongezwa. Saa nzima ikapita. Kisha akanyanyua uso.

"Mjomba, mbona Kondo amekuwa mnyonge?"

Hakuwa mnyonge. Alikuwa nusu wa zamani na nusu wa sasa, ukuta umebomolewa na mwingine haujajengwa. Tuliiweka ile karatasi kando (mtu hararui karatasi ya miaka minne) tukachukua nyingine nyeupe. Baada ya dakika arobaini Kondo alikuwa amesimama tena. Mwongozo huu ni wa dakika hizo arobaini.

Unakuhusu ikiwa una mhusika wa kitabu cha 2014 na meza yenu inahamia kitabu cha 2024, na mhusika huyo anaishi kwa silaha au ngumi: Fighter, Barbarian, Monk, Rogue, na kwa kiasi fulani Paladin na Ranger. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, kwa hiyo majina ya fani, vipaji na sifa za silaha nayaacha kama yalivyochapishwa ili uyakute kwenye faharasa bila kuhangaika. Mengine nayasema kama tunavyoyasema mezani kwetu.

Mchezo huu ulizaliwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na umebadilishiwa vitabu mara kadhaa. Toleo la tatu lilipotoka mwaka 2000, wachapishaji wake, Wizards of the Coast, walitoa kijitabu cha bure cha kuhamishia wahusika, kwa sababu hesabu nzima ilikuwa imepinduliwa: kinga iliyokuwa bora kadiri namba inavyoshuka sasa ikawa bora kadiri inavyopanda. Safari hii hakuna kilichopinduliwa hivyo. Msingi ni uleule wa toleo la tano, dadu ni zilezile, kinga inasomwa vilevile. Ndiyo maana watu wanadhani kifutio kinatosha.

Hakitoshi, kwa sababu makali ya mpiganaji yamehama makazi. Katika kitabu cha 2014 yalikaa kwenye vipaji, viwili vitatu ambavyo kila mtu alivijua, na asiyekuwa navyo alionekana mgeni wa mchezo. Katika kitabu cha 2024 sehemu kubwa ya makali hayo imehamia kwenye silaha yenyewe. Ukivusha mstari kwa mstari unabeba vipaji vilivyopunguzwa na unaacha nyuma silaha zilizonolewa. Basi usimvushe. Mjenge upya kuanzia ngazi ya 1, ukijua tayari unataka awe nani.

Kabla ya kushika kalamu

Kitabu kipya kinauzwa dola 49.99 kwa bei ya Marekani, na kwa sisi wengi kuna usafirishaji na ushuru juu yake. Si lazima kila mchezaji awe nacho. Wachapishaji wametoa waraka wa bure wa kanuni, SRD 5.2.1, chini ya leseni ya Creative Commons, nao una fani zote 12, kila moja na tawi lake moja: Champion kwa Fighter, Berserker kwa Barbarian, Open Hand kwa Monk, Thief kwa Rogue. Jedwali la silaha na sifa zake mpya limo. Vipaji vingi mashuhuri havimo, kwa hiyo nakala moja ya kitabu mezani inasaidia, lakini Champion wa upanga unaweza kumjenga karibu wote kutoka kwenye waraka huo bila kutoa senti.

Pili, kubalianeni mezani juu ya jambo moja: kitu chochote kilichochapishwa upya, kinatumika kipya chake. Kipaji cha zamani hakikai mkono mmoja na silaha mpya. Tawi ambalo kitabu kipya hakikulichapisha, kwa mfano Samurai au Cavalier kutoka Xanathar's Guide to Everything cha 2017, unalichukua kama lilivyo na kulipandikiza kwenye fani mpya. Hapa wapiganaji wana bahati kuliko wachawi. Kitabu kipya kinataka kila fani ichague tawi ngazi ya 3, na fani za silaha zilikuwa zinafanya hivyo tangu mwanzo. Hata ngazi za juu ambazo tawi huleta uwezo hazikusogea kwa Fighter, Barbarian, Monk na Rogue. Pandikizo linashika bila kusukumwa.

Tatu, na hili watu hulidharau: andika sentensi tatu kuhusu mhusika wako bila kutaja namba hata moja. Mpwa wangu aliandika hivi. Kondo hutangulia mlangoni. Kondo huchagua adui mmoja mkubwa na kumpiga hadi aanguke. Kondo hakimbii, ila akiona mwenzake amelala chini atamfuata popote. Sentensi hizo ndizo mizani. Mbele utakuta chaguo kumi zenye namba nzuri, na njia pekee ya kuchagua bila kuumwa kichwa ni kuuliza ipi inamfanya mtu huyo awe yuleyule.

Msingi: usuli na jamii

Zamani nyongeza za uwezo zilitoka kwenye jamii ya mhusika, yaani binadamu au elfi au kibeti. Sasa zinatoka kwenye usuli wake, kazi aliyokuwa akifanya kabla ya kuanza safari. Ukiwa na jamii ya zamani yenye nyongeza, zisahau nyongeza hizo. Ukiwa na usuli wa zamani usio na nyongeza, unaongeza 2 kwenye uwezo mmoja na 1 kwenye mwingine, au 1 kwenye tatu, kisha unachagua kipaji kimoja cha mwanzo. Usifanye vyote viwili. Nimeona karatasi zenye nyongeza mara mbili, na mara zote mwenyewe hakuwa anaiba, alisahau tu kufuta.

Kondo alijengwa kwa namba za kawaida: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Katika kitabu cha zamani alikuwa binadamu wa aina ile yenye kipaji ngazi ya 1. Nguvu ikawa 16, ustahimilivu 15, na kipaji kikawa Great Weapon Master. Ngazi ya 4 akaongeza nguvu hadi 18.

Katika kitabu kipya tulimpa usuli wa Soldier. Nguvu 15 ikaongezwa 2 ikawa 17, ustahimilivu 14 ukaongezwa 1 ukawa 15. Great Weapon Master sasa hakipatikani kabla ya ngazi ya 4, lakini kinakuja na nyongeza ya 1 kwenye nguvu. Kwa hiyo ngazi ya 4 Kondo akakichukua na nguvu ikafika 18. Ukiziweka karatasi mbili sambamba, uwezo wote sita unalingana namba kwa namba. Tofauti ni kwamba ile nafasi ya ngazi ya 1 imebaki wazi, na kitabu kinaijaza mara mbili: Savage Attacker kutoka kwa Soldier, na kipaji kingine cha mwanzo kwa sababu ni binadamu. Mpwa wangu alichagua Tough, inayompa pointi 2 za uhai kwa kila ngazi. Kutoka 44 akafika 54.

Hapo alianza kutabasamu.

Silaha ndipo palipo na mali

Weapon Mastery ni umahiri wa silaha. Kila silaha kwenye jedwali jipya ina sifa moja kati ya nane, lakini sifa hiyo inafanya kazi mikononi mwa mtu aliyeifanyia mazoezi tu. Fighter anaanza na silaha tatu, anapata ya nne ngazi ya 4, ya tano ngazi ya 10 na ya sita ngazi ya 16. Barbarian, Rogue, Paladin na Ranger wanaanza na mbili. Monk hana hata moja, tutarudi kwake. Baada ya pumziko refu Fighter anaweza kubadilisha moja ya silaha alizozichagua, kwa hiyo ukikosea leo si ndoa.

Msomaji wa Kiswahili ana nafuu kidogo hapa, kwa sababu silaha nyingi za jedwali hilo zina majina kwetu. Sime ni Shortsword, na sifa yake ni Vex: ukimpiga mtu na kumjeruhi, shambulio lako linalofuata dhidi yake kabla ya mwisho wa zamu yako ijayo unarusha d20 mbili na kushika kubwa. Kitara na kisu vina Nick. Rungu na kombeo vina Slow, vinamkata adui mwendo wa futi 10. Mkuki una Sap: aliyepigwa anarusha d20 mbili na kushika ndogo katika shambulio lake linalofuata. Fimbo ndefu ya kichungaji, ambayo katika kitabu cha zamani ilionekana ya wazee na wachawi, ina Topple, yaani adui asiponusurika kwa dadu yake ya ustahimilivu anaanguka chini. Nyundo kubwa ya vita nayo ni Topple. Shoka kubwa ni Cleave, linapita kwa jirani wa adui aliyesimama karibu. Nyundo ya mkono mmoja ni Push, inamrusha adui futi 10 nyuma.

Upanga mkubwa wa mikono miwili, ule wa Kondo, una Graze. Ukikosa, adui bado anaumia kwa kiasi cha nyongeza ya uwezo uliotumia. Kwa Kondo ni 4. Isome tena kama hujaishtukia: ukikosa. Silaha hii haina zamu ya bure kabisa.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo mpwa wangu alipoona unyonge. Great Weapon Master ya zamani ilimruhusu kukubali hasara ya 5 kwenye dadu ya shambulio ili apate 10 zaidi kwenye majeraha. Hiyo imefutwa. Mpya inampa nyongeza ya ustadi, ambayo ngazi ya 5 ni 3, kila anapopiga kwa silaha nzito kwa kitendo cha shambulio. Kutoka 10 hadi 3, nani asingelia?

Mchukue adui mwenye kinga ya 16, na dadu za majeraha uzisome kwa mtindo wa Kondo wa silaha kubwa, kila kitabu kwa kanuni yake. Kondo anaongeza 7 kwenye dadu, kwa hiyo anahitaji 9 au zaidi, mara 12 kati ya 20. Zamani, bila kamari, pigo lilimpa wastani wa 12.3 na kwa mapigo yaliyopata na yaliyokosa kwa pamoja ikawa 7.4. Kwa kamari alihitaji 14, mara 7 kati ya 20, na wastani ukawa 7.8. Ule msisimko wote ulikuwa unamletea nusu ya jeraha moja. Sasa: pigo likipata ni 8 za dadu, 4 za nguvu na 3 za kipaji, jumla 15, mara 12 kati ya 20 ni 9. Likikosa ni 4 za Graze, mara 8 kati ya 20 ni 1.6. Jumla 10.6 kwa pigo moja. Ngazi ya 5 ana mapigo mawili: kutoka chini ya 16 hadi 21 kwa zamu, na hapo sijahesabu Savage Attacker wala dadu ya 20.

Kamari ya zamani ilishika kasi pale tu Kondo alipopata kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Hapo alifika 12.9 kwa pigo. Kondo mpya katika hali hiyohiyo anafika 13.2. Kwa hiyo hakuna alichopoteza ila ule ukimya wa meza kabla dadu haijatua, na mimi binafsi naukumbuka. Ukimwona mchezaji wako amenuna, huenda si namba anazozililia.

Mpiga upinde ndiye aliyepunguziwa kweli. Sharpshooter nayo imepoteza ile 10, na haikupewa kitu cha kuongeza majeraha badala yake, japo sasa adui aliyesimama ubavuni hakuharibii shabaha. Kuna mlango wa nyuma ambao wengi hawauoni. Upinde mrefu unahesabiwa silaha nzito, na Great Weapon Master mpya haikusema silaha iwe ya mkononi. Mpiga upinde mwenye nguvu ya 13 anaweza kuichukua na kuongeza ustadi wake kwa kila mshale unaopata. Atapoteza nyongeza moja ya wepesi, kwa hiyo apime.

Onyo moja kuhusu silaha. Kanuni mpya zinakuruhusu kuchomoa au kurudisha silaha moja kwa kila pigo la kitendo cha shambulio. Matokeo yake kuna wachezaji wanaobeba silaha sita mgongoni: nyundo ya kumwangusha adui, upanga wa kummaliza, mkuki wa kumsumbua. Kwenye karatasi inapendeza. Mezani zamu inachukua dakika sita na wenzio wanafungua simu. Chagua mbili unazozijua kwa moyo, na nyingine ziwe za dharura. Tena Topple ina gharama mara mbili: kila pigo linamlazimu mwendesha mchezo kurusha dadu ya adui, na adui aliyelala chini ni rahisi kwa mwenye upanga lakini mgumu kwa mpiga mishale aliye mbali. Muulize mwenzako mwenye upinde kabla hujaipenda nyundo.

Vilivyobaki kwa Fighter

Second Wind ilikuwa pumzi moja kwa kila pumziko. Kondo wa ngazi ya 5 sasa ana tatu kwa siku. Pumziko fupi linarudisha moja, refu linarudisha zote. Na si za kujitibu peke yake. Kuanzia ngazi ya 2 anaweza kutumia moja kuongeza d10 kwenye jaribio la uwezo aliloshindwa, kama kupanda ukuta au kumbembeleza mlinzi, na akishindwa tena pumzi hiyo haihesabiwi kuwa imetumika. Kwa mchezaji aliyezoea kunyamaza nje ya vita, huu ndio mstari wa kuandika kwa kalamu nyekundu. Ngazi ya 5 kujitibu kunampa pia kusogea nusu ya mwendo wake bila kupigwa akiondoka. Ile sentensi ya tatu ya Kondo, ya kumfuata mwenzake popote, ilipata kanuni yake hapo.

Tawi la Champion limeacha kuwa la wavivu: sasa anapata d20 mbili kwenye kuanza vita na kwenye majaribio ya misuli tangu ngazi ya 3. Battle Master halikubadilika sana, ila ukiwa na silaha ya Topple, mbinu ya Trip Attack inakuwa sukari juu ya asali. Ibadilishe kwa nyingine.

Wenzake

Monk ndiye aliyefaidika kuliko wote, na ndiye ambaye kifutio kinamdhulumu zaidi, kwa sababu hana umahiri wa silaha wa kumshtua mtu afungue kitabu. Dadu yake ya ngumi inaanzia d6 badala ya d4, ngazi ya 5 ni d8. Ngumi ya ziada haihitaji tena ushambulie kwanza. Kujitoa vitani au kukimbia kama kitendo cha ziada sasa ni bure. Pointi unalipa ukitaka kuongeza kukwepa, au kupata vyote viwili pamoja. Pointi zenyewe haziitwi tena Ki, zinaitwa Focus. Mara moja kwa siku, vita vikianza, unazirudisha zote. Ngazi ya 3 anakinga hata panga, siyo mishale tu kama zamani. Alichopunguziwa ni Stunning Strike, ambayo sasa ni mara moja kwa zamu. Mwendesha mchezo wenu atashukuru kimyakimya. Monk mjenge upya kabisa, usijaribu hata kuangalia karatasi ya zamani zaidi ya jina.

Kwa Rogue, tazama sime na kisu kwa karibu. Zamani pigo la mkono wa pili lilikula kitendo cha ziada, kilekile anachokihitaji kujificha au kuponyoka. Ilibidi achague. Sasa anapiga kwa sime, na kisu chenye Nick kinafuata ndani ya kitendo kilekile. Sime ikipata, Vex inampa kisu d20 mbili, na d20 mbili ndizo zinazofungua Sneak Attack. Sime ikikosa, kisu bado ni nafasi ya pili. Kitendo cha ziada kimebaki mfukoni, anaingia kivulini. Kisha ngazi ya 5 anaweza kutoa dadu moja ya Sneak Attack ili kumwangusha adui, kumtia sumu au kujiondoa.

Barbarian hasira yake haizimiki tena ovyo, kwani anaweza kuishikilia kwa kitendo cha ziada hata kama hana wa kumpiga, na pumziko fupi linamrudishia moja. Berserker hapati uchovu tena kwa kupandwa na wazimu. Mwenye totemu ya dubu ajiandae: tawi sasa linaitwa Wild Heart, na dubu hamkingi tena dhidi ya nguvu za kichawi za aina ya Force, Necrotic na Radiant. Fidia ni kwamba anamchagua mnyama upya kila anapokasirika.

Paladin atanung'unika na ana haki. Divine Smite imekuwa uchawi unaokula kitendo cha ziada, kwa hiyo ni mara moja kwa zamu, wakati zamani kila pigo lililopata liliweza kubeba. Lay On Hands nayo imekuwa kitendo cha ziada, kwa hiyo anaweza kumpiga adui na kumwinua mwenzake zamu moja. Ranger anapewa Hunter's Mark tayari, na mara chache za kuitumia bure. Zaidi ya hapo msome mwenyewe. Ni mchawi nusu, na uchawi si mada yangu.

Kanuni za meza zinazowagusa wapiganaji

Mieleka imebadilika. Hamshindani tena kwa dadu za misuli. Anayeshikwa anarusha dadu ya kujinusuru, ya nguvu au wepesi kwa hiari yake, dhidi ya 8 kujumlisha nguvu yako na ustadi wako. Rogue aliyeweka ubingwa kwenye Athletics ili awe bingwa wa kukaba amepoteza mtaji huo, auhamishie kwingine. Aliyekabwa, hata hivyo, anapata taabu kumpiga mtu yeyote isipokuwa aliyemkaba, na hilo linamfaa sana mtu anayetangulia mlangoni.

Dawa ya kunywa vitani ni kitendo cha ziada. Uchovu unapunguza 2 kwenye kila d20 kwa kila ngazi yake, na mwendo futi 5. Pumziko refu linarudisha dadu zote za uhai, siyo nusu.

Silaha za kichawi ulizozipata safarini haziguswi. Upanga wa +1 wa Kondo ni upanga wa +1, na Graze inakuja juu yake. Ila kama mwendesha mchezo aliwahi kukutungia silaha ili kuziba udhaifu, kwa mfano ngumi za chuma alizopewa Monk kwa huruma, mrudishie mazungumzo hayo kwa uaminifu. Huenda huruma haihitajiki tena.

Ukimaliza, chezeni pambano moja la majaribio lisilohesabika kwenye hadithi, na kila mtu aruhusiwe kubadilisha chochote kwa vipindi viwili vya mwanzo. Andika sifa ya silaha yako kwa herufi kubwa pembeni ya namba ya shambulio, siyo nyuma ya karatasi. Mkono husahau.

Mpwa wangu aliiandika nyuma ya karatasi.

Jumamosi iliyofuata Kondo alikuwa mlangoni kama kawaida, na mbele yake goblini wa mwisho, amebakiwa na pointi 3 za uhai, ameshika pembe ya kuwaita wenzake. Pigo la kwanza likakosa, dadu ilisema 5. Kijana akaisukuma kwa kidole, akasonya, akasema, "Nimekosa, Mjomba. Narusha la pili."

"Geuza karatasi," nikamwambia.

Akageuza. Akasoma. Akamtazama goblini, akaitazama dadu yenye 5, kisha akakisogeza kile kijisanamu nje ya meza mwenyewe bila kuniuliza.